Hakuna Aliyepanga Kuua Bata

Barua ya kwanza ya Chama cha Watazamaji Wapole ilifika Januari, wakati ghuba yetu ya kaskazini yote imeganda na hata mbwa wanafikiri mara mbili kabla ya kutoka nje. Waliuliza kama mabata bukini wa kijiji chetu cha Wapusnipi wako radhi kutazamwa.

Lorna alinisomea mara mbili, maana ile ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai.

"Anko, usicheke. Hawa ni watu wa maana. Wanataka kuja kutazama wanyama bila kuwasumbua."

"Basi wabaki kwao. Kuna njia gani nyingine iliyo bora kuliko hiyo?"

Lorna ni mtoto wa shemeji yangu Sinclair, na mwaka ule alikuwa ofisa wa wageni wa kijiji. Alipewa ofisi, kiti cha kuzunguka na ramani kubwa ya ukutani. Kilichokosekana ni wageni tu. Mwaka mzima walikuja wawili: fundi wa simu, na mtu mmoja aliyepotea njia. Kwa hiyo barua ile aliishika kama yai.

Lakini lililokuwa moyoni mwake hasa halikuwa ofisi. Alikuwa na mtoto, Malachi, wa miezi kumi na minane, mzito kama gunia la unga. Kwetu mtoto hakanyagi ardhi ya nje mpaka atolewe. Siku ya kutolewa, alfajiri, hutembezwa kutoka mlangoni mwa hema mpaka kwenye msonobari mdogo, akauzunguka, akarudi ndani. Akiwa mvulana huburuta bata aliyeuawa na babu yake msimu uleule, akamkabidhi mzee kuliko wote hemani. Baada ya hapo ardhi inamjua, anaweza kukimbia atakako. Kabla ya hapo anabebwa. Malachi alikuwa amekwisha kujifunza kutembea ndani ya nyumba, na alipofika kwenye kizingiti alinyakuliwa akipiga mateke. Nyumba nzima walikuwa wanaumwa migongo.

Masika yaliyopita Sinclair alikuwa hospitalini kusini, akipasuliwa nyonga. Safari hii siku ilikwishawekwa: Jumamosi ya wiki ya pili ya Mei. Shangazi kutoka vijiji vitatu walikata tiketi. Mabata hukaa kwetu siku kumi tu wakielekea kaskazini. Wakipita bila Sinclair kupata hata mmoja, Malachi angebebwa mwaka mwingine.

Watazamaji Wapole nao wakachagua wiki ileile. Walisema ndiyo wiki ya mabata wengi. Hapo hawakukosea.

Februari walileta mpango wao, kurasa arubaini na moja. Usimkaribie ndege chini ya mita mia na hamsini. Usimwangalie machoni kwa muda mrefu. Usimpe jina. Kufidia moshi wa ndege watakayosafiria wamepanda miti mia saba, mahali ambapo hawakupataja. Kila mgeni atavaa koti jekundu linaloonekana kutoka angani, maana kampuni ya bima imesema hivyo. Mnyama akikukaribia kwa hiari yake, kaa kimya bila kutikisika mpaka aondoke mwenyewe. Na kwenye ukurasa wa thelathini swali: je, kutakuwa na uwindaji wowote eneo hilo wakati wa ziara yetu?

Lorna akaenda kumwuliza baba yake. Nilikuwepo, nimekaa nakunywa chai yao. Sinclair alikuwa anasuka kwa vijiti bata wa bandia, wa kuwavutia wa kweli. Yeye ndiye mkubwa wa mabata katika bwawa letu, masika ya thelathini sasa. Anaamua nani afyatue, wapi na lini. Siku isiyo na upepo hakuna bunduki, kwa sababu mlio hufika mbali na mabata huhama. Jua likishazama hakuna bunduki. Bwawa lililotumika leo kesho linapumzika. Ukienda kinyume, hapigi kelele. Anakutazama tu, na mwaka unaofuata hukaribishwi.

"Baba, wanauliza kama mtawinda mabata wiki ya pili ya Mei."

Sinclair alitazama dirishani, kama mtu anayehofia kusikilizwa.

"Sijui," alisema.

"Baba! Ukiacha ile ya hospitali, umewinda kila Mei tangu sijazaliwa."

"Labda nitakwenda kutembea. Labda nitakaa tu pale kwenye maficho nipunge upepo. Labda hakuna kitu."

"Na bunduki?"

"Nayo haijatoka siku nyingi."

Mtu wa kwetu angemwelewa. Hapa hakuna anayesema nitaua. Mnyama hujitoa mwenyewe kwa anayemheshimu, na anasikia. Mimi mwaka wangu wa kwanza hapa, kijana wa mbali niliyeoa kwao na mwenye mdomo, nilisimama dukani nikatangaza kwamba kesho naleta mabata matano. Wanawake walinitazama kama nimevua suruali. Wiki tatu sikupata hata unyoya. Mama mkwe akawa ananipakulia nyama ya kopo kila siku, anasema, "Kula, baba. Kula mabata yako matano."

Lorna alikulia humohumo. Na kwa kuwa bata aliyekuwa akimtaka alikuwa wa mwanawe, ulimi wake ulikuwa mzito zaidi ya wa baba yake. Angeandikaje kwenye karatasi kwamba baba atapiga bata? Karatasi ni mdomo vilevile. Basi akaandika neno la kweli kabisa: *Hakuna uwindaji uliopangwa.*

Watazamaji Wapole walifurahi, lakini si watu wa kuamini neno la mtu mmoja. Wakatuma fomu kwa kila mtu mzima, mia mbili na kumi na mbili. Je, unakusudia kuua mabata mwezi Mei? Zikarudi mia mbili na kumi na mbili, zote *sijui* na *labda hakuna*. Bibi Hattie, mama yake Sinclair na mama mkwe wangu, ana miaka tisini na moja, yeye aliandika: *Mimi mzee, niulizeni habari za samaki.*

Machi likaja sanduku. Ndani mna kibao cha mbao kilichochongwa vizuri: *Kijiji cha Kwanza cha Kaskazini Kilichoweka Bunduki Chini kwa Hiari.* Chifu alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Nani kaweka bunduki chini?" aliuliza.

"Sijui," alisema Lorna.

"Kizuri lakini." Akakitundika dukani palipokuwa na nafasi, juu ya rafu ya risasi.

*

Wageni walikuja saba. Mkubwa wao alikuwa Bi Marguerite Delorme, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ameuning'iniza ule mpango shingoni ndani ya plastiki kama hirizi. Pamoja naye alikuwemo Profesa Pettigrew, ambaye alikuwa na kifaa cha kupima umbali na alipima kila kitu, hata kutoka kitandani mpaka chooni. Walipokelewa uwanja wa ndege, wakaviringishwa kwenye mablanketi juu ya sleji, wakavutwa kwa pikipiki za theluji kilomita saba mpaka kambini. Kijiji chote kilikuwa huko. Shule imefungwa, ofisi imefungwa, kwa Chifu pamefungwa. Mei ni hivyo.

Kambini waliona mahema, moshi, watoto, na bunduki ishirini na tatu zimeegemezwa kwenye ukuta wa theluji.

"Hizi za nini?" Bi Delorme aliuliza.

"Za watu," nilimjibu.

Akaandika.

Jumatano hapakuwa na upepo. Mabata walipita juu kwa mistari mirefu, wakipiga kelele kama harusi, na wanaume wetu walikaa kwenye magogo wakinywa chai. Alhamisi vilevile. Sinclair alikuwa anatoka kila saa analowesha kidole, anakiinua, anarudi ndani. Wageni waliguswa sana. Mmoja alitoa machozi.

"Mnajizuia kwa ajili yetu," Bi Delorme alimwambia Sinclair.

"Tunangoja upepo, mama."

"Mnangoja upepo." Alilirudia polepole, akaliandika kwenye daftari, akalipigia mstari. Alidhani ni methali.

Jioni ile Bibi Hattie, amelaza miguu karibu na jiko, alimtazama Malachi akiparamia mapaja ya watu.

"Mabata wamebaki siku ngapi?" alimwuliza mwanawe.

"Mbili. Labda."

"Shangazi zake wamefika na vyombo vyao. Yule wa mto wa kusini kaleta keki. Wanauliza keki ikae wapi."

"Mama, upepo sio wangu."

"Sijasema ni wako. Nasema keki."

Ijumaa, baada ya chai ya asubuhi, turubai la hema lilianza kupigwa na upepo. Sinclair alisimama kabla mtu yeyote hajasema neno. Hakusema anakwenda wapi. Alivaa nguo nyeupe, akachukua bunduki kama mtu anayechukua mwavuli, akatoka na wanaume sita, mimi mmoja wao. Tukajilaza kwenye maficho ya matawi kando ya bwawa, mabata wa bandia mbele yetu majini, na Sinclair akaanza kuita. Sinclair akiita kwa mdomo wake, hata mimi hutamani kuruka.

Kundi la kwanza likageuka likaja. Likashuka. Halafu, kabla halijafika umbali wa risasi, likapinda kama limegonga ukuta, likaondoka. La pili vilevile. La tatu halikushuka kabisa.

Sinclair aligeuza shingo. Juu ya kilima nyuma yetu, wamejipanga na darubini zao, walisimama Watazamaji Wapole kama nyanya saba juu ya ukuta uliopakwa chokaa.

"Mita mia moja na hamsini na mbili!" Profesa alitupigia kelele kwa furaha. "Tuko ndani ya sheria!"

"Shemeji," Sinclair aliniambia kwa upole, na upole wake ndio wa kuogopwa, "nenda kamwambie mwanangu kwamba wageni wake wana afya nzuri. Wanaonekana kutoka mbali."

Nilimkuta Lorna nje ya hema, Malachi kiunoni, anamsukasuka. Nilimpa ujumbe. Alifumba macho.

"Niwaambie nini, Anko? Niwaambie shukeni, mnamfukuza bata wa mwanangu? Nikisema hivyo nimeshamtaja."

"Hapana, usimtaje."

"Nisipomtaja hawatashuka. Wameandikiwa hakuna uwindaji. Mimi ndiye niliyeandika."

"Ulikuwa kweli hujui."

"Nilikuwa najua!"

"Shh," nilisema, nikatazama juu. Miaka arubaini imenitia adabu.

Alinipa mtoto, akapanda kilimani. Mgongo wangu ukalia, na nikamfuata hivyohivyo, maana sikutaka kukosa.

"Bi Delorme," Lorna alisema, anahema, "kwa nini mnatazama kwa mbali hivi?"

"Ni sheria yetu. Mita mia na hamsini."

"Hiyo ni nyinyi mkimwendea ndege. Je, ndege akiwajia nyinyi?"

Bi Delorme akaushika mpango shingoni, akafunua. Wote wakainama juu yake kama watu wanaotafuta jina kwenye orodha ya mtihani. Ukurasa wa ishirini na tatu: mnyama akikaribia kwa hiari yake, kaa kimya bila kutikisika.

"Pale chini," Lorna alisema, "wanakuja kwa hiari yao. Lakini sharti mlale, mfunikwe nyeupe, na msiseme neno."

"Umbali gani?" Profesa aliuliza.

"Utawasikia wakipumua."

Yule mama mrefu akaufunga ule mpango. Alikuwa ametazama ndege kwa darubini miaka thelathini, nadhani hakuwahi kumsikia mmoja akipumua.

Bibi Hattie alitoa mashuka yake yote, akinung'unika kwamba yatarudi na matope. Tukawaviringisha wageni mmoja mmoja mpaka hapakubaki wekundu hata wa ukucha, tukawapanga kwenye maficho kama samaki. Bi Delorme alilala kando ya Sinclair. Aliiona bunduki karibu na pua yake.

"Hii ni ya nini?" alinong'ona.

"Sijui," alinong'ona Sinclair. "Nyamaza sasa, mama. Wanakuja."

Akaita. Kutoka ng'ambo ya bwawa wakajibu. Walikuja chini, chini kabisa, mbawa zimepinda, miguu mbele, unaona mpaka weupe wa mashavu yao. Upepo wa mbawa ulitikisa matawi. Bi Delorme alikuwa ameacha kupumua; machozi yalimtiririka mpaka masikioni, na hakuyafuta, kwa sababu hairuhusiwi kutikisika.

Sinclair akainuka akafyatua mara mbili. Mabata wawili walianguka.

Wageni saba chini ya mashuka saba, hakuna aliyetikisika. Nilidhani tumewaua kwa mshtuko. Tuliwaokota mabata, Sinclair akawalaza vizuri vifua juu, akawanyoosha manyoya, akawaambia maneno yake ya chini. Tukanywa chai ya chupa. Wale bado wamelala.

"Wana nini?" aliniuliza Sinclair.

"Sheria inasema wakae kimya mpaka mnyama aondoke. Mnyama hajaondoka."

Sinclair alifikiri. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, akawabeba mabata akawapeleka nyuma ya kichaka. Wageni wakaamka.

Bi Delorme alikuwa mweupe kuliko shuka.

"Mlisema hamwindi!"

"Nilisema sijui," alisema Sinclair. "Sasa najua."

"Mia mbili na kumi na wawili mlisema!"

"Nao hawakujua, mama. Mpaka sasa wengi hawajajua. Amejua mtu mmoja tu."

Hapo Lorna akasema yote. Sasa ilikuwa ruhusa, bata keshajitoa. Alimweleza habari za Malachi, migongo, nyonga ya baba yake, shangazi, keki. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyeandika ile barua huku akijua itasomwaje, na kama kibao kinarudishwa, yuko tayari kukifunga mwenyewe kwenye sanduku.

Bi Delorme alikaa kwenye gogo akamtazama mtoto mikononi mwangu. Malachi akamtolea ulimi.

Mchana ule wageni walifanya mkutano hemani kwao, na kwa kuwa turubai si ukuta, kambi nzima ilihudhuria. Profesa alitaka kibao kirudishwe. Mwingine akakumbusha kwamba picha ya kibao imekwisha kuchapwa kwenye kalenda ya chama. Walibishana mpaka supu ikapoa. Mwishowe wakakubaliana maneno ya kuandika kwenye ripoti: *wakati wa ziara ndege wawili walifariki kwa sababu zisizohusiana na watazamaji.*

"Ni kweli," Bibi Hattie alisema alipofasiriwa. "Wao hawakuhusika hata kidogo."

*

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tulisimama mistari miwili, kutoka mlangoni mwa hema kubwa mpaka kwenye msonobari. Theluji ilikuwa imefagiliwa na njia kutandikwa matawi. Wageni walikaribishwa wasimame nasi. Lakini mpango wao ulikuwa na sura nzima juu ya sherehe za wenyeji, na sura hiyo ilisema wasiingilie. Wakaenda kujipanga mbali, ng'ambo ya msonobari, na makoti yao mekundu, maana bima haikujali ni sherehe ya nani.

Malachi alitokea. Kavaa nguo za ngozi alizoshonewa na bibi yake, bunduki ndogo ya mbao mgongoni, na kamba kiunoni imefungwa kwenye shingo ya bata aliyekaribia kumzidi kimo. Lorna alimshika mkono mmoja, Sinclair mwingine. Mguu ulining'inia juu ya ardhi kidogo, kama wa mtu anayejaribu maji. Ukatua.

Shangazi wote wakashusha pumzi kwa pamoja.

Alitembea vizuri. Alianguka mara moja, akainuka bila kusaidiwa, bata akija nyuma. Akafika kwenye msonobari. Ilimpasa auzunguke arudi. Lakini ng'ambo ya mti aliona kitu ambacho siku zote hizo alikitazama akiwa amebebwa tu: watu saba wekundu kama moto. Akacheka, akawaelekea.

Wageni wakapigwa na bumbuazi. Profesa akapima.

"Tisini! Themanini na tano! Rudini nyuma!"

Wakarudi nyuma, wote saba, kinyumenyume. Malachi akaongeza mwendo. Wakaongeza na wao. Mtoto wa miezi ishirini na miwili, na bata kwa kamba, akawa anawafukuza watu wazima saba juu ya theluji, na mama yake na babu yake wanaburutwa naye, maana kumwachia hairuhusiwi na kumvuta hairuhusiwi. Ni lazima ageuke kwa miguu yake mwenyewe. Asipogeuka, hajatolewa, amepotea tu.

"Simameni, ninyi watu!" Bibi Hattie alipiga kelele kutoka mlangoni. "Mtampeleka mtoto wa watu wapi? Toronto?"

"Lakini umbali!" Profesa alilia.

"Bi Delorme!" Lorna aliita. "Tafadhali. Anakufuata wewe."

Yule mama alisimama. Wenzake walimpita wakiendelea kurudi nyuma. Alitazama mtoto, akatazama msonobari ulioachwa nyuma, nadhani ndipo alipoelewa. Alivua koti lake, ndani ana sweta la kijivu, akalikunja, akalikalia. Alikaa pale barafuni, kichwa chini, mikono magotini. Wale sita wakaona aibu kukimbia peke yao. Wakavua na wao, wakakalia.

Wekundu ukaisha duniani. Malachi alisimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Akamtazama yule mama wa kijivu, akaona hana jipya. Kisha akahisi kamba inamkaza kiunoni, akageuka kuona ni nani anayemvuta, akamwona bata wake. Alimfurahia kama anamwona mara ya kwanza. Akaanza kumzunguka, na kamba ikamgeuza, na alipoinua uso alikuwa ameelekea msonobari na mahema na watu wake wote.

Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyesema *njoo*.

Akatembea. Akauzunguka mti, akapita katikati ya mistari yetu, na bata akifagia matawi nyuma yake. Akaingia hemani kwa miguu yake. Bibi Hattie alikuwa amekwisha kaa kwenye matawi aliyotandikiwa chini, mikono imefunguka. Akampokea bata, akampima kwa mkono, akamfinya kifua.

"Ana mafuta," alisema. "Leteni maji. Na huyu mwenye sweta muiteni ndani kabla hajaganda, aje anyonyoe."